Kadi ya Mjomba Haiingii Kwenye Kasha la Shangazi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla sijamaliza, kwa sababu hapa nyumbani nimeshachekwa na mume wangu mpaka akatoka nje kwenda kuchekea huko. Jina langu tafadhali lifiche, maana Shangazi yangu anasoma safu yako kila wiki, tena anatusomea kwa sauti.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Wapiga picha wananiletea kila kitu walichokinasa, watu wakila, watu wakilia, watu wakigombea viti, nami nakaa nakata, naunga, natia muziki, mpaka inakuwa harusi ambayo hata waliokuwepo wanaitamani. Kazi naipenda na naijua, wala sijigambi, lakini naifanya kwa laptop kuukuu niliyoolewa nayo, na laptop hiyo imechoka jamani, nikiiambia initolee video ya saa moja inaanza kuunguruma na kuchemka, mimi naenda kufua, naanika, naanua, nakunja, narudi naikuta imefika robo, halafu inaganda. Kuna harusi moja ndiyo iliyonimaliza kabisa. Kila nikiitoa inaganda palepale, mahali ambapo mama wa bibi harusi anacheza na gauni lake la zambarau, viatu kavishika mkononi, kaachama mdomo kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, basi mama wa watu anabaki hivyo hivyo kwenye skrini mpaka nizime mashine. Bibi harusi mwenyewe alikuja kuulizia video yake akiwa mjamzito, nikamwambia bado kidogo, akarudi amebeba mtoto, nikamwambia bado kidogo, na siku hizi nikiona mtu yeyote njiani anasukuma kigari cha mtoto navuka barabara, hata kama siendi upande huo.

Sasa kuna mwenye ukumbi mmoja mkubwa, ukumbi ambao wiki haipiti bila harusi, anatafuta mtu mmoja wa kumkabidhi video zote za pale. Aliona kazi yangu akaipenda, ila anataka kwanza aone kwa macho yake mashine yangu ikitoa video nzima bila kukwama, kwa sababu yule aliyekuwa naye alimwachisha kazi kwa ajili ya bado kidogo hizo hizo. Mshauri, kazi hiyo nimeiomba kwa magoti. Nikiipata, sibishi hodi tena kwa mpiga picha yeyote, na hata nikiumwa siku moja nyumba haitayumba. Nikaamua niwe na kompyuta ya mezani yenye nguvu, na kwa kuwa ile ya dukani iliyokamilika siiwezi hata kuiota, nikaona nikusanye vifaa kimoja kimoja, niiunde mwenyewe. Nikawaomba ndugu wanichangie.

Hapo ndipo lilipoanza. Kwenye ukoo wetu hatuchangi pesa. Zamani tulichanga, lakini binamu yetu mmoja alichangiwa ada ya chuo akanunua spika, spika zenye urefu wa mlango, na hicho chuo hakuliona hata geti lake. Tangu hapo Shangazi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kila jambo, alipitisha kwamba anayechangia anunue kitu mwenyewe na akilete kwa mkono wake mbele ya watu. Kwa mtu anayehamia nyumba sheria hii ni nzuri tu, huyu analeta sufuria, yule godoro, maisha yanaendelea. Kwa kompyuta, mshauri, ni balaa tupu.

Maana kila mtu alinunua alichoona yeye kinapendeza. Shangazi kaleta kasha, lile la kufungia vifaa vyote ndani, zuri mno, dogo dogo, pembeni lina kioo na ndani lina taa zinazobadilika rangi, akasema kompyuta ni kama bibi harusi, kwanza avae. Mjomba anauza matairi ya malori, na kwake kitu kizuri ni kitu kikubwa, kwa hiyo kaleta kadi ya picha, ile inayoisaidia kompyuta kushughulika na mambo ya picha, na kaleta kubwa kuliko zote zilizokuwa dukani, ina feni tatu, ndefu, nzito, haiingii kwenye kasha la Shangazi hata uisukume kwa goti, nimejaribu. Mama mkwe kaleta pawa saplai, kile kidude kinachogawa umeme ndani ya mashine, akachagua yenye namba ndogo kabisa kwa sababu anasema bili ya umeme ya nyumba hii inatosha. Baba yangu kaleta mazabodi, ule ubao ambao vitu vyote hupachikwa juu yake. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kaleta prosesa, ambayo ndiyo akili yenyewe ya kompyuta. Zote mbili nzuri, zote mpya, ila haziingiliani, tundu la ubao ni la kampuni hii na prosesa ni ya kampuni ile. Na ramu, ile kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi? Hakuna aliyeleta ramu. Ramu ni kijiti kidogo tu, ukikitoa mfukoni mbele ya watu hakuna atakayekupigia kigelegele. Diski ya kuhifadhia video nayo hivyo hivyo, kila mtu alidhani ataileta mwingine.

Nilipomwambia shemeji kwa upole kwamba prosesa yake imekataa kukaa, akasema kosa ni la ubao. Baba akasikia, akasema ubao wake hauna kosa lolote, watu wajifunze kuuliza kabla ya kununua. Mama mkwe akasema alijua tangu siku ya posa kwamba watu wa upande ule ni wagumu. Basi mimi nikanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonifikisha nilipo.

Kesho yake Shangazi akatuma ujumbe kwamba yuko njiani, anakuja kuiona kompyuta yake, anaiita yake, nikaingiwa na hofu, nikafanya jambo ambalo hata kuliandika naona haya. Nililiweka kasha mezani, nikaungaunga waya za pawa saplai mpaka taa zikawaka na feni zikazunguka, ubao wa Baba nikausimamisha ndani, prosesa ya shemeji nikaibandika kwa selotepu mahali inapoonekana kwenye kioo, na kadi ya Mjomba nikailaza juu ya kasha kwa kuwa ndani haikutaka. Laptop yangu nikaificha chini ya meza, kwenye kapu la nguo chafu, waya wake nikaupitisha nyuma ya pazia mpaka kwenye televisheni yetu, niliyoiweka mezani iwe skrini. Shangazi akaingia akakuta taa zinawaka nyekundu, bluu, kijani, na kwenye skrini watu wanacheza harusini. Akaketi taratibu, akafuta macho, akasema, "Mwanangu, sasa umekuwa ofisi."

Baada ya hapo wakaanza kumiminika, kila mmoja anakuja kuchungulia cha kwake. Mjomba akazunguka meza, akauliza, "Mbona kadi yangu imekaa juu kama kofia?" Nikamwambia, "Mjomba, mkubwa hukaa juu." Akaridhika, na tangu siku hiyo ameshaleta wateja wake wa matairi waje kuiangalia. Shemeji huwa anagonga kioo kwa kidole akiisalimia prosesa yake. Mama mkwe ndiye aliyekaribia kunifuma, alisikia harufu ya kuungua, maana laptop ilikuwa inachemka chini ya mashuka, akanusa, akainama, akauliza, "Hii kompyuta inapiga na pasi?" Mume wangu ni kinyozi, amezoea kusikiliza watu wakibishana siku nzima bila kuchukua upande, na wakati huo alikuwa amekaa sakafuni anapepea kapu kwa gazeti. Akajibu, "Ndiyo mama, ni ya kisasa." Ndipo alipotoka nje.

Sasa mshauri, sikia lililonileta kwako. Shangazi, bila kuniuliza, amemwalika mwenye ukumbi aje Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, pamoja na ukoo mzima, na viti ameshakodi, ili wote washuhudie kompyuta waliyoichangia ikitoa video ya harusi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikisema ukweli, nitakuwa nimemwaibisha kila mtu aliyeniletea kitu kwa mkono wake, na Baba na wakwe zangu hawataketi tena chumba kimoja. Nisiposema, laptop itaganda, mwenye ukumbi atatazamana na yule mama wa gauni la zambarau na mdomo wake, na kazi yangu itakuwa imekwenda na maji. Nimefikiria niugue. Mume wangu anasema mtu akizima umeme kwenye mita hakuna wa kulaumiwa. Niambie nifanye nini, na nianze na nani, kwa sababu silali.

Ni mimi,
Mwenye Kapu la Nguo

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Kapu, marahaba. Uliniomba nisicheke kabla hujamaliza, nami nilijikaza, nikafika mpaka kwenye kofia ya Mjomba nikashindwa.

Pole, tena pole ya kweli, kwa sababu kazi ya mwenye ukumbi si mchezo na naona inavyokukosesha usingizi. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Lakini mwanangu, kuna koo ngapi duniani zenye kadi ya picha iliyolala juu ya kasha na laptop iliyolala kwenye mashuka? Shangazi yako ameanza kuisoma barua hii kwa sauti na sasa hivi anaimalizia kimya kimya. Kwa hiyo suala la kusema au kutosema tumeshalimaliza mimi na wewe. Shangazi, shikamoo, usimkaripie mpaka ufike mwisho.

Umeniuliza uanze na nani. Anza na wewe. Ndugu zako hawakukosea, wamejinyima na wakatoa, na wengi wanaoniandikia hawana hata ndugu wa kuwaletea skrubu. Wewe ndiye uliyewaomba wachangie kompyuta bila kuwaambia kompyuta hiyo inakwenda kufanya nini. Nani kati yao amewahi kukaa karibu yako akaiona laptop ikiganda? Wao wanaiona harusi ikishakuwa tamu, wanadhani ilizaliwa hivyo. Ukimtuma mtu kiatu bila kumwambia unakwenda shamba au disko, atakuletea anachokipenda yeye.

Na usidhani mshauri wa mambo ya ndoa hajui prosesa. Kompyuta ninayoandikia safu hii niliiunda mwenyewe kwa vifaa vya kuokoteza, ya kwanza ikatoa moshi, ya pili ikakubali. Nilichojifunza kwenye ule moshi ni kwamba mtu mwenye kipato kidogo huanza na kazi, halafu prosesa inayoiweza kazi hiyo, halafu ubao unaoikubali prosesa, halafu vingine, na kasha ndilo la mwisho. Nyinyi mmeanza na nguo mkatafuta mtu wa kuivaa. Lakini si haba, vinarekebishika, na risiti zipo. Watu wanaoleta vitu kwa mkono mbele ya umati hawatupi risiti.

Prosesa ya shemeji ibaki. Ibandue hiyo selotepu taratibu, usikwangue kwa kucha, na usiiguse upande wa chini. Hiyo ndiyo itakayobeba video zako. Ubao ndio ubadilishwe, kwa kuwa ni rahisi ubao kuifuata prosesa kuliko prosesa kuufuata ubao, na kwa hili usiniletee habari za upande wa mke na upande wa mume, ubao haukuwepo siku ya posa. Baba yako aurudishe dukani mwenyewe, na shemeji aende naye akiwa ameishika prosesa. Usiwasindikize. Waache wasimame pamoja kwenye foleni, wamlalamikie muuzaji, watarudi wamepatana.

Kadi ya Mjomba ni mali nzuri iliyopotea njia. Kwa kukata na kuunga harusi hutaki dude hilo, unataka ya wastani, fupi, inayoingia kwenye kasha la Shangazi bila goti. Aibadilishe, na kile kinachozidi asirudishiwe pesa, kwani sheria yenu hairuhusu, achukue ramu, vijiti viwili vinavyofanana, vikubwa kadiri duka litakavyokubali. Hapo atakuwa ndiye mtu pekee katika ukoo aliyeleta vitu viwili, na wateja wake wa matairi watalisikia jambo hilo mpaka walikariri.

Mama mkwe usimsomeshe mambo ya wati. Mwambie hivi: mama, ukipika chai ya watu wawili kwenye sufuria kubwa, hiyo chai inakuwa ya watu ishirini? Pawa saplai kubwa haili umeme zaidi, inatoa kile mashine inachoomba basi. Ndogo ndiyo hasara, ikizidiwa inazima katikati ya kazi, na siku ikiamua kufa inaweza kufa na wenzake. Atakuelewa haraka kuliko shemeji, na ataibadilisha.

Sheria ya ukoo wenu mtakuwa hamjaivunja. Inasema mtu alete kitu, haikusema akileta hakibadilishwi.

Imebaki diski. Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta mumeo alileta nini, nimemkuta anapepea. Kinyozi, kupepea kapu si mchango. Diski ni yako wewe, tena ile ya kasi isiyozunguka, nenda kanunue kabla hujamnyoa mteja mwingine. Na habari ya kuzima umeme kwenye mita usiirudie mbele za watu.

Mwenye ukumbi mpigie simu leo. Usimwambie bado kidogo, ukilitamka neno hilo umekwisha. Mwambie mashine haijakamilika, itakamilika, aje Jumapili inayofuata, na umtajie saa. Mtu aliyechoshwa na visingizio hukumbuka mtu aliyempa siku.

Ukoo usiuzuie, viti vimeshakodiwa. Jumapili wakishakaa, litoe kapu chini ya meza, ifukue laptop, washa, waone wenyewe inavyounguruma mpaka inaganda. Utaona aibu, vumilia, aibu haijawahi kumvunja mtu mfupa. Kisha lifungue kasha, mpe Mjomba kadi yake na umwambie, "Mjomba, niwekee." Usiongeze neno. Atasukuma, atageuza, atasukuma tena, kasha halimjui mkubwa wala mdogo, na mwisho mwenyewe ndiye atakayeuliza duka linafungwa saa ngapi. Wengine watamfuata, maana hakuna anayeona haya peke yake penye watu wengi walionunua vibaya.

Na wakati unawaonyesha laptop inavyoganda, chagua ile video ya gauni la zambarau. Ruhusa nimekupa. Gauni ni langu. Viatu vilikuwa vinanibana, na sikuwa nimeachama, nilikuwa naimba, ungekuwa na kompyuta yenye nguvu sauti ingefika ukaisikia. Binti yangu anakusalimia na hajakukasirikia, yeye ana moyo, mimi sina. Mjukuu wangu ameanza kutembea kwa kushika viti na bado hajaiona harusi ya wazazi wake, kwa hiyo mashine ikikamilika, ya kwanza kutoka ni hiyo, kabla hata mwenye ukumbi hajavua koti.

Anwani yako tunayo, binti yangu ameizoea. Jumapili nitakuja na bisibisi yangu, uniwekee kiti karibu na mama mkwe. Na ukituona njiani usivuke barabara. Siku hizi kigari cha mtoto nakisukuma mimi.